Gambuti za Okiria

Hakuna mtu ambaye Amuge anamdharau hapa Malaba kuliko yule anayemsogezea kikombe cha chai ya sukari na kumwambia anywe tu, kikombe kimoja hakiui. Wanamwambia hivyo matangani, wanamwambia hivyo harusini, wanamwambia hivyo nje ya kanisa, tena kwa ile sauti laini ya kubembeleza mtoto, mpaka anatamani kuwamwagia hiyo chai kwenye viatu. Miaka saba amekuwa akikataa, na miaka saba wanamuuliza kama amehamia dini mpya. Watu wazima wenye wajukuu hawawezi kushika jambo moja dogo kichwani. Lakini waulize bibi harusi wa mwaka juzi alivaa viatu vya rangi gani, hapo utaambiwa mpaka urefu wa kisigino.

Ana miaka hamsini na sita huyu Amuge, Mteso wa Chakol aliyeolewa huku mpakani. Mumewe alifariki mapema akamwachia watoto watatu na kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, pale malori yanapojipanga kungoja zamu ya kuvuka kwenda Uganda. Kibanda kilikuwa na mabenchi ya wateja na kiti kimoja cha mbao chenye mto, kiti cha mwenyewe, na katika kiti hicho alikaa miaka kumi na tano akikaanga chapati na kuonja kila alichokipika. Dereva akibakisha soda nusu chupa, Amuge aliimaliza, maana kumwaga ni dhambi. Mwili ukajaa, mikono ikanona, watu wakamwambia amependeza, na yeye akaamini. Siku hizi akisimulia habari za mwanamke yule wa kwenye kiti, utadhani anamsema jirani ambaye hakuwahi kumpenda.

Kisha kiu ikaja. Alikunywa maji jagi baada ya jagi, akawa hatoki chooni, akaanza kukonda bila kujua kwa nini, na macho yakaona ukungu hata saa sita mchana jua likiwaka. Mama wa kibanda cha pili alimweleza kwamba ametupiwa kitu na washindani wake. Amuge aliamini upuzi huo wiki mbili nzima, akaenda kuchanjwa chale na mzee mmoja aliyekuwa akipiga miayo katikati ya kazi, na aibu ya hizo wiki mbili haijamtoka hadi leo.

Aliyemtoa ujingani ni muuguzi wa kliniki ya sukari, binti mwembamba anayeitwa Sharlyne, ambaye alimtoboa kidole, akatazama mashine, akasema kumi na tisa, wakati ya mtu mwenye afya haifiki hata nane. Hakumhurumia. Alimwambia wazi kwamba chakula tunachokula kinageuka sukari ndani ya damu, na mwili una insulini ambayo kazi yake ni kuifungulia hiyo sukari njia iingie kwenye nyama ikawe nguvu. Kwake Amuge insulini imechoka, na mwili umejaa mafuta hauisikii tena, kwa hiyo sukari inabaki kwenye damu ikizunguka na kuharibu kila inapopita, macho, figo, mishipa ya fahamu ya miguuni. Kukaa nayo kunawezekana, alisema Sharlyne, lakini si kwa kukaa. Akampa vidonge. Akamchorea sahani kwenye karatasi, nusu yake mboga, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Akamwambia atembee kila siku, na kila siku aikague miguu yake, chini ya nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mguu wa mwenye sukari unaweza kuumia na usimwambie mwenyewe.

Mtu mwingine angelia. Amuge alikasirika, na hasira ndiyo iliyomfaa. Alirudi kibandani, akakipasua kile kiti kwa shoka, akakitia jikoni, akakipikia maharagwe. Tangu siku hiyo hauzi chakula akiwa amekaa. Hupika asubuhi, hupanga mabakuli ndani ya ndoo mbili zenye mifuniko, kisha hutembea na foleni ya malori kuanzia getini mpaka mkiani, akiuza mlango kwa mlango, na foleni ya Malaba ikiamua kurefuka hurefuka kweli. Madereva humwita Mama Foleni. Wamekaa juu kule siku mbili, siku tatu, tumbo limegusa usukani, soda mkononi, wanateremka kwa haja tu. Amuge huwatazama kutoka chini na kuona kinyaa, kwa sababu anajua kabisa wanakoelekea, na si Kampala.

Ile sahani aliifuata kama ilivyochorwa. Mboga za sukuma, mrenda au saga, dagaa wa omena au maharagwe, na ugali kipande cha ngumi, tena ngumi yake mwenyewe, si ya mpasua mawe. Chai yake haioni sukari. Vidonge anameza kwa saa. Kabla ya kuvaa viatu huketi kitandani na kioo kidogo, akajitazama nyayo kama anayesoma barua, na soksi zake zote ni nyeupe ili hata tone moja la damu lionekane. Baada ya miaka miwili sukari yake ya asubuhi ikawa inacheza kwenye sita, na daktari akampunguzia vidonge kutoka vinne hadi viwili. Daktari alimpunguzia, hakujipunguzia, na tofauti hiyo atakueleza utake usitake. Hapo sasa wale wale waliokuwa wakimwambia amependeza wakaanza kunong'ona kwamba amemalizwa na ule ugonjwa mwingine. Amuge aliwasikia akapita zake.

Sasa tuje kwa Okiria.

Okiria ni mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba, aliyebebwa mgongoni na Amuge mwenyewe wakati mama yao alipokuwa shambani. Anaishi nyumbani Chakol na mkewe Nabwire, analima mihogo na wimbi, na kwa maneno matamu hujapata kumwona mwenzake. Alipoanza kukonda na kunywa maji bila kiasi, Amuge alimburuta hadi kwa Sharlyne, na mashine ikasema ishirini na moja. Okiria aliketi pale saa nzima akitikisa kichwa kwa adabu. Aliambiwa habari za vidonge, habari za kutembea, habari za miguu, akaambiwa pombe aiache. Aliambiwa pia apunguze ugali wa sembe, na kwamba akipata ugali wa wimbi, kwa kiasi, ni afadhali. Katika saa nzima ya elimu aliyopewa bure, mwanamume yule aliondoka na neno moja tu, wimbi.

Na ajon ni nini kama si wimbi? Ndiyo pombe ya Wateso, wimbi lililochachushwa likatiwa kwenye chungu, wazee wakakaa duara kila mmoja na mrija wake mrefu, huku sufuria ya maji ikichemka kando kwenye jiko la makaa ili chungu kiongezewe kila kinapopungua. Okiria alikwenda kwenye duara lake akatangaza kwamba hospitali imemwandikia wimbi. Wenzake walifurahi kupita kiasi. Mmoja wao, Etyang, mwalimu mstaafu, mtu aliyelipwa na serikali miaka thelathini kufundisha watoto wa watu sayansi, alieleza kwamba ajon haitiwi sukari hata kijiko, kwamba ni kitu cha asili kutoka shambani, na kwamba ugonjwa huu uliletwa na soda. Basi wakavuta. Kila alasiri duara zima likawa linavuta dawa, na Okiria alivuta kuliko wote kwa kuwa mgonjwa ni yeye.

Mtu akishaamini kwamba cha shambani hakidhuru, hana breki tena. Okiria akaongeza asali, eti nyuki hawana kiwanda. Akaongeza miwa, akaongeza ndizi mbivu sahani nzima, akisema Mungu mwenyewe ndiye aliyezitia utamu na Mungu hawezi kumtilia mtu sumu. Mboga nusu sahani aliita chakula cha mbuzi. Kutembea alikataa kabisa, maana mwanamume akionekana anatembea barabarani bila jembe wala mzigo wala anakokwenda, watu wataulizana amepatwa na nini. Kisha akakutana na Ejoku.

Huyu Ejoku ni yule mwenye kipaza sauti sokoni Malaba, anayejiita daktari kwa sababu ana koti jeupe. Huuza unga wa mizizi ndani ya chupa za maji zilizookotwa, na unga huo mmoja hutibu sukari, presha, mgongo, utasa na kesi za mashamba. Huwaambia watu kwamba vidonge vya hospitali ni sumu, watupe wanywe mizizi, mwili utajitengeneza wenyewe. Alipoumwa jino hakungoja mwili ujitengeneze. Amuge alimwona kwa macho yake akiwa kwenye foleni ya hospitali ameshika shavu, koti jeupe kalificha kwenye mfuko wa plastiki. Kwa mtu huyo Okiria alinunua chupa tatu. Vidonge vyake akavimwaga ndani ya kopo la mbegu za maharagwe, na Nabwire alivikuta huko siku ya kupanda.

Nabwire akampigia wifi yake simu. Kesho yake Amuge aliacha ndoo zake Malaba, akaenda Chakol, akaingia katikati ya duara la ajon bila kuamkua mtu. Aliwapa za uso mmoja baada ya mwingine. Etyang aliambiwa kwamba sasa inaeleweka kwa nini hakuna hata mwanafunzi wake mmoja aliyefika popote. Kisha Amuge akatoa mashine yake mfukoni, akakamata kidole cha mdogo wake, akakitoboa mbele ya watu wote, na mashine ikasema ishirini na nne. Akawaambia kwamba wimbi likichacha halijawa maji, kwamba mtu hali ugali saa nne mfululizo kwa mrija, na kwamba hakuna daktari duniani anayeandikia mgonjwa pombe. Okiria alicheka, akasema mashine hiyo ni ya Uchina, itajuaje mambo ya wimbi. Duara zima likacheka naye.

"Wewe si mgonjwa, wewe ni mjinga," Amuge akamwambia. "Siku mguu wako utakapooza, usinionyeshe. Mimi sina macho ya kutazama ujinga."

Alirudi Malaba akiwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Na safari ile haikupotea bure, maana hadithi ya mdogo wake anayetibu sukari kwa pombe ikawa kitoweo cha foleni. Aliisimulia mlango kwa mlango. Aliiga sauti ya Okiria akisema hospitali imeniandikia wimbi. Aliwaiga wazee wakivuta mirija na kufumba macho, alimwiga Etyang akitoa somo la sayansi, na madereva walicheka mpaka wakapiga honi. Waliorudi safari nyingine waliiomba tena, Mama Foleni, hebu tupe yule wa wimbi. Akawapa. Kila alipoisimulia aliongeza chumvi kidogo, na kila alipoongeza chumvi Okiria alizidi kuwa mjinga, na kusema kweli Amuge aliifurahia kazi hiyo.

Januari, ardhi imekauka inapasuka, binti wa shangazi yao alilipiwa mahari Chakol na ukoo wote ukakusanyika. Wanaume walikuja na viatu vya Jumapili. Okiria alikuja na gambuti, zile nyeusi za mpira zinazofika karibu na goti, za kuchimbia mtaro. Jua kali, vumbi linapanda mpaka puani, na yeye amekaa pembeni peke yake chini ya ukuta wa jiko, gambuti zinang'aa. Amuge hangeliacha hilo lipite. Alimuuliza mbele ya wakwe kama amepata shamba Rukala, kule Budalang'i maji yanakoingia mpaka kitandani, au ni mafuriko ya ajon ndiyo anayoyaogopa. Watu wakacheka mpaka vikombe vikamwagika. Okiria alicheka pia. Amuge alipopita karibu kumpelekea sahani alisikia harufu, akasema kwa sauti kwamba gambuti nazo huoshwa ndani, si nje tu, na watu wakacheka mara ya pili.

Hebu fikiria jambo hili. Mwanamke ambaye kwa miaka saba hajavaa kiatu bila kutazama unyayo wake kwenye kioo, mwenye soksi nyeupe, anayejua sukari kuliko wengi wenye vyeti, aliona gambuti wakati wa kiangazi kwenye miguu ya mtu mwenye sukari isiyotibiwa. Akanusa harufu. Na alichoona pale ni kichekesho cha kupelekea madereva.

Wiki tatu baadaye Nabwire alitokea kwenye foleni. Alikuwa ametembea kando ya malori akiuliza, mpaka akamkuta Amuge katikati ya malori mawili ya mafuta. Hakulia. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa kwamba Okiria yuko hospitali tangu juzi, na asubuhi hiyo madaktari wamemkata mguu wa kulia chini ya goti, maana ulikuwa umeoza na sumu ilianza kupanda.

Amuge aliuliza umeoza kutokana na nini, na Nabwire akasimulia yote pale barabarani. Ilikuwa Novemba, kwenye duara. Okiria alikaa mahali pake pa kila siku, karibu na jiko la maji, akanyoosha mguu, unyayo ukaegemea jiko lenye makaa. Hakusikia chochote. Aliendelea kuvuta na kupiga hadithi. Ni wenzake walioanza kuulizana ni nani anachoma nyama, wakaangalia huku na huku, na hata yeye aliangalia huku na huku, mpaka Etyang alipoona moshi unatoka kwa mguu wa nani. Okiria alisema hakuna neno, hata hauumi. Alifurahi kwamba hauumi. Alinyunyizia kidonda unga wa Ejoku, akanunua gambuti, na kuanzia hapo hakuzivua mbele ya mtu, hata mbele ya mkewe.

Njia nzima ya kwenda hospitali Amuge alikuwa akipanga maneno. Alikuwa nayo mengi na yote yalikuwa ya kweli. Angeanza na kopo la mbegu, aende kwa asali, aje kwa Ejoku, amalizie na makaa. Mtu anaungua mpaka wenzake wananusa nyama, anasema hauumi, anashukuru. Ni ujinga gani huo, jamani. Alifika wodini mdomo umejaa.

Okiria alikuwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Shuka ilikuwa imenyanyuka mahali pa mguu mmoja, na mahali pa mguu wa pili ililala bapa kama chapati. Alikuwa amekonda mpaka sura ya mama yao ikatokea usoni. Amuge alisimama, akasahau alipotaka kuanzia, akauliza swali ambalo hakulipanga.

"Kwa nini hukunionyesha?"

"Ulisema nisikuonyeshe," Okiria akajibu.

Amuge akasema watu husema mambo wakiwa na hasira, na mtu mwenye akili hujua la kushika na la kuacha.  Okiria hakuonekana amekasirika, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Nilikuja hata hivyo, dada. Kilikuwa bado kidogo, kama kifuniko cha soda. Nilikuja Malaba wiki ile ile. Nikakukuta umesimama kwenye mlango wa lori la bluu, unaniiga. Unaniiga vizuri sana, hata mimi nilikaribia kucheka." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Nikapitia kwa Ejoku. Yeye hakunicheka."

Maneno yote aliyokuja nayo Amuge yalikuwa bado ni ya kweli. Hata moja halikumtoka. Alivuta kiti akakaa, yeye ambaye hupenda kusimama, akakaa mpaka saa ya kuona wagonjwa ikaisha na mlinzi akaja kumwambia mama, twende. Alikumbuka lori la bluu. Alikumbuka kwamba dereva wake alicheka akamwagikiwa na mchuzi, na kwamba alijiambia siku hiyo kwamba sehemu ya mirija anaiigiza vizuri zaidi kuliko zamani. Okiria alikuwa amesimama mahali fulani nyuma ya magurudumu na kidonda cha kutibika. Wiki ile ile. Sharlyne angekisafisha, angempa dawa, angemrudisha kwenye vidonge, na leo angekuwa na miguu miwili na ujinga wake wote.

Usidhani kwamba Amuge aligeuka malaika. Ejoku bado anaendelea na kipaza sauti chake, na Amuge akipita hapo na ndoo zake husimama kuwaeleza wateja wake kwa sauti kubwa habari za jino. Etyang alipokuja kumpa Okiria pole na mkungu wa ndizi mbivu na soda mbili, Amuge alihakikisha anaondoka navyo vyote, tena upesi. Bado hawezi kustahimili mtu wa kikombe kimoja hakiui. Lakini dereva mmoja wa zamani alipomwomba ile hadithi ya wimbi, alimkabidhi bakuli lake la maharagwe akaenda kwenye lori la pili, na dereva akabaki akishangaa amemkosea wapi.

Okiria alirudi nyumbani na magongo. Nabwire anampimia ugali kwa ngumi, na mboga anakula, akilalamika kila tonge. Vidonge viko juu ya meza mahali pa wazi. Kutembea, ambako alikuona aibu alipokuwa na miguu miwili, sasa anakutamani, na kila asubuhi anajikongoja na magongo mpaka kwenye mwembe wa njia ya kisimani na kurudi, jasho linamtoka. Duarani haendi. Chungu kinamngoja kama kilivyomngoja Novemba, lakini haendi, na sukari yake imeteremka mpaka tisa. Daktari amesema wazi kwamba mguu uliobaki nao unaweza kwenda njia ya mwenzake ndani ya mwezi mmoja, mtu akizembea. Mguu hausikii chochote. Lazima usikiwe kwa macho.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa Amuge huenda Chakol na kioo chake. Jumapili ya kwanza Nabwire aliweka beseni la maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko, akatoka nje. Okiria alikuwa ameketi kitandani, mguu wake mmoja ameufunika kwa shuka.

"Lete mguu," Amuge akasema.

Okiria hakuuleta. Kwanza alimtazama dada yake usoni, akamtazama kwa makini, kama mtu anayehakikisha mbwa amefungwa kabla ya kuingia boma la watu. Amuge aliliona jicho hilo na alijua amelifanyia kazi miaka mingi. Alishika kioo chake akangoja. Akangoja tena. Mwishowe shuka ilisogea na mguu ukatoka polepole.

Katikati ya kidole cha nne na cha mwisho palikuwa na kidonda, chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Amuge alikisogeza kioo. Akauliza kimeanza lini. Ijumaa, Okiria akasema, aliposuguliwa na kiatu kipya alichopewa, na alitaka kumwambia Nabwire lakini akaona amngoje yeye. Siku mbili. Ameambiwa na madaktari, amelala wodini mwezi mzima, amezika mguu, na bado amekaa na kidonda siku mbili. Maneno yalimjaa Amuge mdomoni, mazuri yote, makali yote, na kila mmoja angesema ana haki ya kuyatoa.

"Vizuri umenionyesha," akasema.

Akauosha mguu, akaukausha katikati ya vidole kimoja kimoja, akaufunga kwa kitambaa safi. Usiku huo alilala Chakol, na asubuhi iliyofuata wao wawili walikuwa wa kwanza kwenye benchi la Sharlyne, kabla mlango haujafunguliwa.